Fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, Tanzania): daktari aandike unachoshindwa kufanya

Ukiumia kazini, usitoke hospitali na ripoti yenye jina la jeraha tu. Mwombe daktari aandike pia kile ambacho kiungo hakiwezi tena kufanya. "Amevunjika kidole" haisemi kitu. Kwa fundi ujenzi wa Mtumba, Dodoma, maneno yenye uzito ni haya: kidole cha shahada hakikunji zaidi ya nyuzi 40, hashiki mwiko, hainui ndoo ya zege. Kinachopimwa ni kiasi cha uwezo uliopotea, na asilimia ni pesa: ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiachia sentensi moja ya haraka.

Ripoti hiyo haitasaidia ukipimwa kidonda kikiwa kibichi. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa matibabu yakishafika mwisho. Wala haitasaidia kama mwajiri hakuarifiwa, au madai yamepelekwa baada ya miezi 12 tangu ajali. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi siku ileile, ubaki na nakala yenye tarehe na sahihi yake. Aliyejiajiri mwenyewe haingii kwenye mfuko huu.