Soko la Chanthaburi likifungwa, nenda Chao Lao

Mabroka wenzangu wa Arusha, tukimaliza kuuza spineli zetu, yale mawe ya vito, kwenye soko la mji wa Chanthaburi nchini Thailand, Jumatatu asubuhi tunagombania basi la kurudi Bangkok. Safari yote ile, halafu mtu anarudi nyumbani hajapumzika hata kidogo! Ongeza siku moja. Ufukwe wa Chao Lao hauko mbali na mji, na wanaokwenda pale ni Wathai wenyewe.

Soko la mawe huchangamka Ijumaa hadi Jumapili, siku zilezile ambazo familia za Bangkok hujaa ufukweni. Jumatatu wameondoka, kwa hiyo hiyo ndiyo siku yako.

Changieni gari na dereva. Waombe mapokezi hotelini wakuandikie jina la ufukwe kwa Kithai, umwonyeshe dereva. Pakiti za mawe ziache kwenye sefu, usiende nazo mchangani hata kama ni mbili.

Akina mama wanaoona haya kuvaa nguo za kuogelea wasiwe na wasiwasi. Wathai wengi huingia majini na fulana na kaptura, tena muda mrefu zaidi wanakaa kivulini wanakula. Fanyeni hivyohivyo. Agiza saladi ya papai bichi: mama anaitwanga mbele yako kwenye kinu, pilipili na kitunguu saumu kwanza, kisha ndimu, sukari na mchuzi wa samaki, na kila akitwanga anageuza kwa kijiko. Mwonyeshe kidole kimoja, yaani pilipili moja. Hata aliyezoea pilipili mbuzi, tatu zitamtoa machozi. Kula na kuku wa kuchoma na wali wa kunata, unaoumega kwa mkono kama ugali. Kaa na samaki mara nyingi hupimwa kwa kilo, hivyo uliza bei kabla hawajaenda jikoni.

Jua likipungua, pitia ghuba ya Kung Krabaen, jirani tu, palipoanzishwa mradi wa mfalme Bhumibol wa Thailand wa kuendeleza pwani mwaka 1981. Kuna njia ya kutembea katikati ya mikoko, na mimi naipenda kuliko hata bahari.

Kabla ya yote, omba viza mapema na ubebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Miezi mizuri ni Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei mvua ni nyingi na bahari huchafuka, ila ndio msimu wa doriani, lile tunda lenye harufu kali. Ukilinunua, ulile hukohuko nje, maana hoteli nyingi haziruhusu kuingia nalo.