Daftari la kurasa 48: namna ya kuanza kujitoa kwenye huzuni na wasiwasi bila kulipa kitu

Jumamosi saa tatu asubuhi huwa nakaa na kikundi chini ya mwarobaini, pembeni kidogo ya mji wa Dodoma. Hakuna kiingilio wala fomu ya kujaza. Wanaokuja ni wachache mno wanaosema "nina sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Wanasema "nawaza sana", "mwili hauna nguvu", "moyo unaenda mbio, nadhani ni presha". Kisha karibu kila mmoja anamalizia na maneno yaleyale: "Nikijisikia vizuri kidogo, nitaanza kutoka."

Hapo ndipo watu wanapokwama. Ukisubiri moyo utake, utasubiri mpaka zabibu za msimu ujao zivunwe, na moyo bado haujataka. Kwenye sonona, mkono na mguu vinatangulia, moyo unafuata baadaye, tena kwa kujivuta.

Ninayoandika hapa ndiyo tunayofanya pale kikundini. Unahitaji daftari, peni na robo saa kila jioni.

Kabla ya kuanza

Pita zahanati upimwe presha, sukari na wingi wa damu. Sisemi hivi kwa kujikinga. Upungufu wa damu unachosha mwili kama sonona inavyochosha, na tezi ya shingo ikizidisha kazi, moyo utadunda kama wa mtu mwenye hofu. Na kama unawaza kujiua, unasikia sauti wasizosikia wengine, au umekaa siku kadhaa bila kulala wala kula, acha hatua zote na nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

Hatua ya 1: Andika siku saba bila kubadilisha chochote

Andika saa, ulichofanya, na hali ya moyo kwa alama kuanzia 0 (chini kabisa) hadi 10. Huu hapa ni ukurasa wa dada mmoja. Ameniruhusu niunakili, na nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike:

Saa 12 asubuhi: macho wazi, naangalia bati – 2
Saa 2: bado kitandani, simu – 1
Saa 4: nimechota maji bombani, nimesalimiana na jirani – 4
Saa 8: nimekula ugali wa uwele na mlenda, peke yangu – 3
Saa 11 jioni: nimemsuka mtoto wa dada yangu – 6
Saa 3 usiku: kitandani, nawaza ada – 1

Alikuja akiapa kwamba siku zake zote ni giza tupu. Ile sita ilimshtua. Aliigeuza karatasi mara mbili, kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko alivyotegemea. Sonona inakusimulia siku yako kwa kuchagua, na daftari halichagui. Ndiyo maana nasema andika siku hiyohiyo. Ukisubiri Ijumaa ukumbuke Jumatatu, atakayekumbuka ni sonona.

Hatua ya 2: Chagua vitu viwili, vikate mpaka vichekeshe

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiishia hapa tu, umefanya nusu kubwa ya kazi.

Angalia wapi alama zilipanda, hata kwa moja. Chagua vitu viwili kwa wiki: kimoja kinachokukutanisha na mtu, kingine kazi uliyoiahirisha. Halafu vipunguze. "Nitafua nguo" ni mlima. "Jumanne saa 2 asubuhi nitaloweka shuka moja kwenye beseni" ni kitu kinachofanyika. "Nitarudi kwaya" ni mlima. "Alhamisi nitapita nje ya kanisa wakati wa mazoezi, nimsalimie mtu mmoja, nirudi" kinawezekana. Siku, saa na mahali viandikwe.

Siku ikifika, fanya hata kama moyo uko 1. Ukimaliza weka tiki, na alama isipopanda, tiki inabaki palepale. Watu huvunjika moyo hapa: "Nimeloweka shuka, mbona sijafurahi?" Furaha haikuahidiwa siku hiyo. Tunatafuta wiki mbili tatu za tiki, ndipo alama zianze kusogea.

Nikiri kosa langu. Mwanzoni nilikuwa nawapa watu kazi tano kwa wiki, nikijiona mwalimu mzuri. Jumamosi ya tatu nusu yao hawakurudi. Nilipowafuata nyumbani, wengi walisema waliona aibu kuja na daftari tupu. Tangu hapo ni mbili, na ukishindwa zote mbili unakuja nalo hivyohivyo, tunazikata tena.

Anayeona njia hii ni nyepesi mno ajue kwamba imejaribiwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet uliwafuatilia watu wazima 440 wenye sonona. Waliosaidiwa kwa njia hii na wahudumu wasio mabingwa walipata nafuu isiyopungua ya wale waliotibiwa na wataalamu wa tiba ya mazungumzo. Na Zimbabwe, tangu 2006, akina bibi wa mtaani wamefundishwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Wale bibi hawakuwa na shahada.

Hatua ya 3: Pumzi, pale hofu inapokukamata

Fupi tu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka sita. Rudia kwa dakika tano. Kazi iko kwenye kutoa, kwa hiyo usivute kwa nguvu, utapata kizunguzungu. Jizoeze ukiwa mtulivu, maana aliyejifunza siku ya hofu ni kama aliyeanza kujenga bati likiwa limeshaezuliwa na upepo wetu wa Agosti.

Na kahawa ipunguze. Vikombe vinne vya kahawa chungu kijiweni halafu unauliza kwa nini moyo unadunda!

Hatua ya 4: Mawazo yape saa yake

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yanayoweza kufanyiwa kitu wiki hii, kulia yasiyo mikononi mwako. "Ada ya muhula" inakaa kushoto, na chini yake andika hatua moja: kuongea na mwalimu mkuu Jumatano kuhusu kulipa kidogokidogo. "Mvua ikigoma tena mwaka huu?" inakaa kulia. Kila mkulima wa hapa analo wazo hilo ikifika Desemba, na kuliwaza usiku hakujawahi kuleta wingu.

Kwa yale ya kulia, tenga dakika 15 kila siku, tuseme saa 11 jioni, ukae kwenye kiti na si kitandani. Wazo likija saa 8 usiku, liandike neno moja na ulale, liambie tuonane jioni. Wiki ya kwanza halisikii. Ya pili huanza kusikia.

Hatua ya 5: Ngazi ya hofu

Ukikwepa kitu unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu. Mama mmoja anayeishi Nkuhungu alishikwa na hofu kali ndani ya daladala: jasho, mikono kufa ganzi, akadhani anakata roho. Miezi minne hakupanda tena. Tulichora ngazi hii:

1. Kusimama kituoni dakika kumi, bila kupanda.
2. Kukaa ndani ya gari linalosubiri abiria, kisha kushuka.
3. Kituo kimoja, na mdogo wake.
4. Kituo kimoja, peke yake.
5. Safari nzima mpaka Sabasaba saa 4 asubuhi, watu wakiwa wachache.
6. Safari hiyohiyo saa 12 jioni, gari limejaa.

Unabaki kwenye ngazi moja, unairudia hata mara tano, mpaka hofu ishuke angalau nusu, ndipo upande inayofuata. Usishuke hofu ikiwa kileleni. Isubiri ipungue, nayo hupungua kwa sababu mwili hauwezi kubaki kwenye taharuki kali bila kikomo. Kwenye ngazi ya pili konda alimjia juu kwa kukaa siti bila kwenda popote. Mama akamlipa nauli, akaendelea kukaa. Nilicheka sana aliponisimulia, lakini alikuwa sahihi: bei ya nauli moja ilikuwa rahisi kuliko miezi mingine minne nyumbani.

Lini uende hospitali

Kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumekaa zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, na kazi au familia inaumia, nenda kituo cha afya hata kama unaendelea na daftari. Ukiwaza kujiua, nenda leo, na usiende peke yako. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Najua jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, linavyotumika mtaani, ni tusi. Hospitali ile ipo tangu 1927, na wengi wanaopita getini huonwa na daktari, wakapewa dawa na tarehe ya kurudi, jioni wako nyumbani wanapika. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha kazi, kwa hiyo usiziache siku ya tano, wala usizikate ghafla ukipata nafuu. Maombi endelea nayo, hayagombani na vidonge.

Siku ya kwenda, beba daftari. Daktari ataanza kwa kukuuliza hali hii ilianza lini na ikoje kwa siku. Mfungulie ukurasa wa kwanza, asome mwenyewe.