Kusoma upepo, mvua na mawimbi ya Unguja ukiwa Moshi: mwongozo kwa wapanga safari

Wageni wengi tunaowapokea hapa Moshi wana ratiba ileile: wiki moja mlimani, kisha Zanzibar kupumzika. Kwa mlima tunawaandaa vizuri sana, kuanzia soksi hadi maji ya kunywa. Kwa bahari tunawaambia "kuna jua", basi. Halafu mgeni anafika Paje, kusini-mashariki mwa Unguja, mwezi wa saba, upepo unamwaga mchanga kwenye sahani, maji yamekwenda mbali, boti haitoki, na simu inapigwa kwako. Karibu yote hayo yanaonekana siku tatu kabla, ukijua pa kutazama. Tazama upepo kwanza, kisha chagua upande wa kisiwa. Kile kipicha cha wingu na matone kwenye simu kiache mwishoni.

Hatua ya 1: Jua uko msimu gani

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, ukitokea kaskazini-mashariki. Kusi huingia na masika mwezi wa Aprili, hukaza Juni hadi Agosti, kisha hulegea. Katikati kuna maleleji, pepo nyepesi zinazogeukageuka, na hapo ndipo bahari hutulia zaidi.

Kusi ni zile pepo za biashara za kusini mwa ikweta: zinavuka Bahari ya Hindi, zikifika pwani yetu zinapinda kuelekea kaskazini. Na ndizo zinazotuletea wingu zito na baridi ya Juni na Julai hapa Moshi, kwa sababu hewa yenye unyevu ikigonga miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupanda na kupoa. Kwa hiyo mgeni akitazama juu na kuuliza kama Zanzibar nako kumefunga hivi, mweleze kwamba upepo ni huohuo, ila kule atakuta jua na upepo, na manyunyu ya kupita.

Hatua ya 2: Soma upepo, kisha chagua ufukwe

Fungua Windy au Windguru, programu za utabiri wa upepo, weka Paje, halafu weka Kendwa, iliyo kaskazini-magharibi. Soma mwelekeo, kasi, na upepo wa ghafla. Kumbuka mshale kwenye ramani unaonyesha upepo unakokwenda, ilhali jina la upepo linataja unakotoka. Vijana wapya ofisini hugeuza kisiwa kizima hapo. Kasi huandikwa kwa noti, na noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa.

Vipimo vyangu ni hivi: chini ya noti 10 kila mtu anafurahi. Noti 15 hadi 20 ni raha kwa wanaoteleza majini kwa kaiti, kero kwa anayetaka kulala na kitabu ufukweni. Ikizidi 20, familia yenye watoto siiweki kwenye boti ndogo.

Sasa chagua upande. Kusi ikikaza, Paje, Jambiani na Kizimkazi zinaipokea usoni. Kendwa, upande wa magharibi wa Nungwi, na Mji Mkongwe zinajificha. Kaskazi ikivuma, Matemwe na Kiwengwa ndizo zinazopigwa. Mgeni huyohuyo, tarehe zilezile, anaweza kupata likizo mbili tofauti kabisa kwa mwendo wa saa moja na nusu wa gari.

Linganisha utabiri wa Ulaya (ECMWF) na wa Marekani (GFS). Vikikubaliana kwa siku tatu zijazo, amua. Zaidi ya siku tano, chukua mwelekeo tu, namba ziache.

Hatua ya 3: Mawimbi

Hapa usisome mita peke yake. Mita 1.5 kwenye utabiri ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, na wimbi mojamoja laweza kukaribia mara mbili ya hapo. Soma na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Sekunde 5 hadi 7 ni mawimbi mafupi ya upepo wa hapo karibu, ndiyo yanayotapisha watu. Sekunde 12 na kuendelea yametoka kwenye dhoruba za mbali kusini. Boti inayapanda taratibu, lakini yakifika mwambani yanapasuka kwa nguvu.

Namba hizo ni za bahari ya nje. Pwani ya mashariki ina mwamba wa matumbawe, na ndani yake maji hubaki shwari hata nje kukiwa na mita 2. Anayeogelea ndani ya mwamba kwa kawaida yuko salama zaidi. Boti inayopita kwenye mlango wa mwamba ndiyo yenye shida. Mgeni mwenye ubao wa mawimbi mwambie ukweli mapema: mawimbi yanavunjikia mwambani, mbali na ufukwe, na anahitaji boti na mwenyeji anayejua saa za maji.

Hatua ya 4: Maji kujaa na kupwa

Malalamiko mengi yanayofika kwangu ni ya hapa, wala si ya mvua. Tofauti ya maji yakijaa na yakipwa hufika mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Unguja, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi jioni na kupwa karibu saa nne asubuhi. Kwa hiyo mgeni anamaliza chai, anashuka ufukweni Jambiani, hakuna bahari. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Tazama jedwali la maji, umwandikie saa zake kabla hajafika, au mpeleke Kendwa anakoweza kuogelea karibu saa zote.

Hatua ya 5: Mvua

Asilimia 60 ni uwezekano wa kunyesha, haina maana ya saa ngapi. Nje ya masika, manyunyu ya Unguja hupita upesi, mara nyingi usiku au alfajiri. Aprili na Mei ni habari nyingine. Bei hushuka, na sababu ndiyo hiyo.

Hatua ya 6: Mamlaka na nahodha

Soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, safari ya boti ifute hata kama programu yako inaonyesha shwari. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba pwani yetu haijaepushwa kabisa.

Kisha piga simu. "Shikamoo nahodha, kesho bahari inasemaje?" "Marahaba. Waje saa kumi na mbili na nusu, saa nne kusi itakaza." Jibu hilo linashinda ramani yangu, na ndilo ninaloandika kwenye ratiba.

Hatua ya 7: Usafiri

Kusi ikiwa kali, wenye tumbo jepesi usiwapitishe Dar kwa boti. Wapandishe ndege KIA (uwanja wa Kilimanjaro) au Kisongo (uwanja wa Arusha). Ndege nyingi ndogo huruhusu kilo 15 kwenye begi laini, kwa hiyo mabuti na mifuko ya kulalia ya mlimani yabaki stoo Moshi, na uwaambie hivyo siku wanayoshuka mlimani kwa lango la Mweka.