Kabla hujampa fundi wa tovuti advansi

Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Tunatengeneza vitanda, makabati na meza za chakula, mninga na mkongo. Tovuti yetu ya kwanza ilidumu mwaka mmoja tu. Kijana aliyeitengeneza alinunua jina la tovuti kwa barua pepe yake mwenyewe, akalipia mwaka mmoja, kisha akapata ajira mkoani na kubadilisha namba ya simu. Mwaka ulipoisha jina likakatika, na mimi sikuwa na neno la siri lolote mkononi. Jina lile lilikuwa kwenye kibao cha nje, kwenye kadi, hata kwenye ubavu wa kirikuu yetu. Mteja mmoja wa Mbezi akanipigia: "Mama, tovuti yenu haifunguki, mmefunga biashara?" Sijui wangapi walijiuliza hivyo hivyo na hawakupiga.

Kwa hiyo naanza na jina, kabla ya fundi. Fungua barua pepe ya biashara mwenyewe, kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwako, ili ukitumiwa ujumbe wa kuthibitisha uingie kwenye laini yako. Kisha nunua jina la tovuti kwa barua pepe hiyo. Majina ya .co.tz huuzwa na mawakala waliosajiliwa, na hulipiwa kwa mwaka, kwa hiyo weka kikumbusho mwezi mmoja kabla ya tarehe. Lipa wewe, risiti itoke kwa jina lako. Nafasi ya kuhifadhi tovuti kwenye seva, yaani kompyuta inayoiweka hewani muda wote, nayo ni vivyo hivyo. Fundi akihitaji kuingia, mfungulie nafasi yake ya kufanyia kazi, au kaa naye ubavuni ukiingiza neno la siri kwa mkono wako. Ukipanga fremu Kariakoo, mkataba wa pango hauandikwi kwa jina la mpaka rangi. Kama tayari una tovuti na hujui jina limeandikishwa kwa nani, litafute kwenye Whois, huduma ya mtandaoni ya kutafuta usajili wa majina ya tovuti, na mtake fundi alihamishie kwako wakati bado mnaelewana.

Pili, jua unachotaka. Mimi nilinunua daftari, nikamwambia binti anayepokea simu aandike kila swali la mteja kwa wiki nzima. Yalijirudia yale yale: sita kwa sita bei gani, mbao gani, inachukua siku ngapi, mnaleta Kigamboni, nitumie picha WhatsApp. Ile ndiyo ikawa ramani ya tovuti: ukurasa wa vitanda wenye bei, wa makabati, wa usafiri na maeneo tunayofika, wa kuhusu sisi, na wa mawasiliano. Usipokuwa na karatasi ya namna hiyo, fundi mmoja atakutajia laki tatu na mwingine milioni tatu, nawe utadhani mmoja ni mwizi, kumbe kila mmoja amewaza kazi yake. Wape wote karatasi ileile ndipo ulinganishe.

Mafundi wapo wengi mjini. Wapo vijana waliosoma Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), wapo wa kampasi ya chuo kikuu pale Kijitonyama, wapo waliojifunza wenyewe nyumbani na wako vizuri tu. Njia iliyonisaidia ni kufungua tovuti za biashara ndogo za hapa hapa na kushuka hadi chini kabisa ya ukurasa, ambako mara nyingi fundi huandika jina lake. Ukimpata, usitosheke na picha za kazi zake. Mwombe namba za wateja wawili uwapigie. Nilikuwa nawauliza mambo matatu: alimaliza siku aliyoahidi? Ukimpigia leo anapokea? Neno la siri liko kwa nani? Hilo la mwisho lilifanya wawili wanyamaze kwenye simu.

Waite waje kazini kwako. Wa kwanza aliyekuja alifungua kompyuta yake, akanionyesha sebule za Ulaya zenye sofa jeupe, na hakugeuka hata mara moja kutazama kitanda kilichokuwa kinapigwa msasa nyuma yake. Wa pili alikuwa binti. Aliniamkia, akaomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa huku amesimama kwenye vumbi la mbao. Halafu akaniuliza, "Mama, wateja wako wanapenda kupiga au kuandika?" Nikamwambia wanaandika. Akasema basi chini ya kila kitanda tuweke kitufe cha WhatsApp, mteja akibonyeza, ujumbe unafunguka ukiwa tayari na jina la kitanda alichokipenda. Kumbe ni kiungo kinachoanza na wa.me, mkwaju (/), kisha namba yako kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Mwambie fundi yeyote akufanyie hivyo.

Kisha akaomba simu yangu, akaangalia picha nilizokuwa nazo. Kila moja ilikuwa na megabaiti nne. Akanipigia hesabu: vitanda ishirini kwenye ukurasa mmoja ni megabaiti themanini, na mteja mwenye bando la siku hawezi kusubiri. Akazipunguza hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja, na nyuzi za mninga bado zilionekana. Nilimpa kazi palepale, kwa sababu alimfikiria mteja wangu kabla ya kunifikiria mimi.

Muulize fundi atatumia mfumo gani. Sisi tulitumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti ambayo ni ya bure, ipo tangu 2003, na mafundi wengi wanaijua, hivyo huyu akiondoka mwingine ataendelea. Nawaogopa wenye mfumo waliojitungia wenyewe, maana ufunguo wake uko kichwani mwao. Usikubali kuwekewa muundo wa kulipia (sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari) ulioibwa. Mara nyingi huja na virusi ndani. Na ile kufuli ya usalama juu ya anwani isikupe gharama kubwa, kwa kuwa shirika la Let's Encrypt linatoa cheti chake bure.

Mkataba wetu ulikuwa kurasa mbili za Kiswahili. Umetaja kurasa zitakazotengenezwa, tarehe, mara ngapi naruhusiwa kuomba marekebisho, kwamba jina, picha na kazi yote ni mali ya karakana, na nani atarekebisha kitu kikiharibika ndani ya miezi mitatu. Kama tovuti itakuwa na fomu ya kuchukua majina na namba za wateja, zungumzeni zitahifadhiwa wapi na nani ataziona, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023 na mwenye kuulizwa ni wewe mwenye biashara.

Tulikubaliana laki tisa. Laki mbili na sabini mwanzo, laki tatu na sitini nilipoiona ikifunguka kwenye simu yangu, na laki mbili na sabini baada ya makabidhiano. Hicho kipande cha mwisho usikitoe mapema hata fundi akuhurumishe vipi. Mlipe siku ileile anapomaliza, lakini amalize kwanza.

Siku ya makabidhiano tulikaa mezani kwa muda wa karibu saa mbili. Nilibadilisha maneno ya siri yote mwenyewe. Nakala nzima ya tovuti ikawekwa kwenye flashi, nikaifungia kabatini. Kisha nikamwomba asiguse kitu, nikabadilisha bei ya kitanda cha tano kwa sita kwa vidole vyangu. Nikavuka barabara hadi kwa muuza chipsi, nikamwomba afungue tovuti yetu kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Akasubiri kidogo, akaisoma bei mpya kwa sauti, akabonyeza kitufe, na simu yangu ikatetema mfukoni: "Habari, naulizia kitanda cha tano kwa sita."

Nikarudi ndani, nikatuma laki mbili na sabini.