MAGAZIJUTO ikikutana na namba hasi: namna ya kumpigisha dogo tizi

Kama nyumbani kuna dogo wa darasa la saba, au ameingia fomu wani juzi juzi, muulize 10 − 4 + 3 ni ngapi, halafu nyamaza. Akikujibu 3 ujue shida siyo kwamba hajakariri MAGAZIJUTO. Kaikariri mnooo.

Kwa waliosahau, ni mpangilio wa matendo ya hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na ukifika sekondari unaambiwa BODMAS. Sasa mtoto anaona JU iko mbele ya TO anajua jumlisha ndiyo bosi, basi anakimbilia 4 + 3 anapata 7, 10 toa 7 anabaki na 3, na anakuangalia usoni bila wasiwasi kabisa. Jibu ni 9. Jumlisha na toa ni pacha, hakuna mkubwa, unaanza na yule utakayemkuta kwanza ukitokea kushoto kwenda kulia, na gawanya na zidisha vile vile. Wamarekani wanafundishana PEMDAS, huko kuzidisha kumetajwa kabla ya kugawanya, kwetu kinyume chake, na jibu linatoka lile lile.

Kuna kitu nilikigundua namfundisha mpwa wangu. Ukigawanya kwanza jibu haliharibiki, unajitafutia tu sehemu za bure, mfano 12 × 6 ÷ 4, ukianza na 6 ÷ 4 unapata moja na nusu inakusumbua wakati 72 ÷ 4 ni 18 safi. Lakini ukijumlisha kwanza pale ambapo toa imetangulia, umeharibu kila kitu. Yaani laiti wangeiita MAGAZITOJU watoto wengi wangepona, maana ukitoa kabla ya kujumlisha jibu linabaki sawa, mradi toa zikifuatana uzifanye kutoka kushoto kwenda kulia. Jaribu mwenyewe.

Haya, hasi sasa. Kale kamstari kana kazi mbili, mara kanasema "toa" mara kanasema "hii namba ni hasi", na hapo ndipo wanapopotelea. Mwingine kasikia "hasi kwa hasi chanya" basi anaipaka kila mahali, anaandika −4 − 6 = 10. Sheria hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya tu! (Na ya zile hasi mbili zilizobanana, kama 5 − (−3), ambayo ni 8.) Mimi natumia deni la dukani: Mangi anakudai 4, umekopa tena za 6, unadaiwa ngapi? Hakuna mtoto atakayekwambia nina 10 mfukoni. Na 5 − (−3) ni Mangi kakufutia deni la 3, hali yako imepanda.

Kwenye daftari masharti yangu ni mawili tu. Kila mstari tendo moja, na kabla hujalifanya lipigie mstari chini, vingine vyote unavinakili kama vilivyo pamoja na alama zake. Mfano −8 + 3 × (−2) − (−5):

−8 + 3 × (−2) − (−5)
= −8 + (−6) − (−5)
= −14 − (−5)
= −14 + 5
= −9

Dogo atalalamika kwamba anamaliza karatasi, mwache alalamike. Anayefanya kichwani anaanza na −8 + 3 kwa sababu ndiyo ya kwanza machoni, anapata −5, akizidisha inakuwa 10, anaishia na 15. Na ukimsahihisha usiangalie jibu la mwisho peke yake, tafuta ni mstari gani kateleza, maana aliyekosea tendo na aliyekosea alama hawatibiwi dawa moja.

Kipeo nacho ni mtego. (−3)² ni 9 lakini −3² ni −9, kwa sababu bila mabano kile kipeo ni cha 3 peke yake, hasi imesimama nje inasubiri. Usimwambie ahakikishe kwa mashine tu, Excel ukiiandikia =-3^2 inakupa 9, na zile kalkuleta za kawaida za dukani ukibonyeza 2 + 3 × 4 nyingi zinakupa 20 badala ya 14, zinakokotoa jinsi unavyobonyeza.

Tizi lenyewe, maswali matano kwa siku yanatosha, arobaini ya Jumamosi ni adhabu. Akichoka toeni karata, ondoa wale wenye picha, nyekundu ziwe hasi na nyeusi chanya, kila mtu anatumia zile zile nne na matendo matatu, +, − na ×, kila moja mara moja, mwenye jibu kubwa kashinda. Siku moja zilitoka −6, 2, −3 na 5. Nikaandika (−6) × (−3) + 5 − 2, nikapata 21 nikakaa vizuri kwenye kiti. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, mabano yanaruhusiwa?" Nikamwambia ndiyo, sikujua naingia kwenye shimo, akaandika (−6) × (−3 − (2 + 5)). Yaani −6 mara −10. Sitini!! Tangu siku hiyo mabano hayamtishi tena, anayatafuta mwenyewe.

Ya kuanzia leo ni haya:

−7 + 2 × (−4)
18 ÷ (−3) − (−2) × 5
−2 × (3 − 8) + (−12) ÷ 4
6 − 9 + 4 − (−1)
−5² + (−5)²

Majibu nimeyachanganya makusudi: 7, 2, −15, 0, 4. Akikuletea 50 kwenye lile la mwisho mrudishe kwenye kipeo, na akikuletea −6 kwenye la nne basi ile JU bado inamsumbua.