Namna ya Kubuni Tangazo la Stika kwenye Gari la Biashara: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Kigoma

Gari la biashara linalotoka Kibirizi asubuhi, likapita Mwanga na kumalizia safari yake Ujiji, huonwa na watu wengi kwa siku moja, na mwenye gari halipi chochote cha ziada kwa kuonwa huko. Hata hivyo, magari mengi yaliyobandikwa stika hayasomeki. Mwenye gari, akiwa amelipia ubavu mzima, hutaka kila sentimita iseme jambo: orodha ya bidhaa kumi, namba nne za simu, sanduku la posta, picha yake mwenyewe akitabasamu, na mawimbi ya ziwa nyuma ya yote hayo. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa maeneo ya makazi, husogea karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo aliyesimama kando ya barabara ana sekunde chache tu za kulisoma.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupunguza. Gari linahitaji mambo matatu: jina, biashara unayofanya, na njia moja ya kukupata. Kati ya hayo, biashara unayofanya ndiyo husahaulika zaidi, kwa kuwa jina lililosajiliwa BRELA mara nyingi halimwambii mtu unauza nini. Kama unauza mawese na dagaa, maneno "Mawese na Dagaa, Jumla na Rejareja" yanastahili kuwa makubwa kuliko jina la kampuni, isipokuwa jina hilo limekwisha kujulikana mji mzima. Namba ya simu iwe moja, iandikwe kwa mafungu ya tarakimu nne, tatu na tatu ili ishikike kichwani. Anayeuzia pia wanunuzi wanaovuka ziwa kutoka Burundi na Kongo aanze na +255, maana namba inayoanza na sifuri haiwafai wakiwa kwao.

Baada ya hapo liangalie gari lenyewe kabla ya kufungua kompyuta. Lipige picha ukiwa umesimama wima mbele ya kila upande, pima kwa futi ya utepe, kisha weka alama kwenye vitasa, kifuniko cha tangi la mafuta, mipira ya madirisha na mianya ya milango. Kwenye Hiace, mlango wa abiria uko kushoto na hurudi nyuma unapofunguliwa, ukifunika sehemu ya ubavu iliyo nyuma yake. Neno lililoanzia mlangoni na kuishia nyuma ya mlango hukatika kila gari linaposimama kituoni, yaani wakati uleule ambapo watu wana nafasi ya kulisoma. Jina lote likae upande mmoja wa mwanya, au liwe juu ya madirisha kama paa la gari limeinuka.

Pande za gari hazina kazi sawa. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, ubavu wa kushoto ndio unaotazamana na maduka, vituo na watembea kwa miguu, na gari likiegeshwa ndio unaobaki mbele ya macho ya watu; hapo unaweza kuongeza mstari mmoja wa maelezo. Ubavu wa kulia huonwa zaidi na wanaopishana nawe, basi jina na bidhaa vinatosha. Nyuma ndiko kwenye thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani: bodaboda na bajaji zinazokufuata hukaa nyuma yako kwa dakika nzima. Namba ya simu iwe kubwa hapo. Boneti na paa ziache kama zilivyo, kwani sehemu zinazolala hupigwa na jua moja kwa moja na stika yake huchakaa mapema kuliko ya ubavuni.

Kuhusu ukubwa wa herufi, mafundi wa mabango hutumia kanuni ya sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Anayetaka kusomwa vizuri akiwa mita 20 anahitaji herufi za takriban sentimita 17. Kuna jaribio rahisi la kuhakikisha hilo. Hiace ya kawaida ina urefu wa karibu mita 4.7, mchoro wake ukipunguzwa mara 20 huwa na sentimita 23.5 na kuenea kwenye karatasi ya A4. Uchapishe, uubandike ukutani, kisha urudi nyuma mita moja: hivyo ndivyo gari litakavyoonekana kwa mita 20. Mwite mtu asiyeijua biashara yako, mwache atazame kwa sekunde tatu, kisha muulize gari hilo linauza nini. Akisitasita, punguza tena.

Jaribio hilo hilo litakuonyesha kwa nini picha ndogondogo hazifai. Fungu la dagaa wakavu, kwa umbali huo, halina tofauti na rundo la misumari. Kama ni lazima iwepo picha, chagua kitu kimoja chenye umbo linalotambulika, mfano samaki mmoja mkubwa wa mgebuka au dumu la mafuta, na ukipe nafasi yake.

Rangi zichaguliwe kwa kufikiria kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi jekundu hupaka nusu ya chini ya kila gari linalotoka nje ya lami, na rangi ya chungwa ya mawese, ambayo wauzaji wengi huipenda kwa sababu inaeleweka, humezwa na vumbi hilo. Ukiipenda, iweke juu ya usawa wa vitasa. Maandishi muhimu yote yawe huko juu, meusi juu ya njano au meupe juu ya bluu iliyokolea. Ikiwa gari ni jeupe, huna sababu ya kulifunika lote; weupe wake ndio mandharinyuma, na gharama hupungua sana.

Nembo umpelekee mbunifu katika faili la vekta, ambalo hukuzwa bila kupoteza ukali. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imekwisha kupunguzwa ubora, na ikikuzwa kufikia ukubwa wa mlango hutoka na ukungu. Itume kama hati.

Stika zenyewe ni za aina mbili kuu, na hapa ndipo mteja hudanganyika kwa bei. Ya bei nafuu hutengenezwa kwa kubanwa kati ya mitambo ya mviringo. Ni nene, hufaa sehemu bapa kama ubavu wa bodi ya Canter, lakini ikilazimishwa kwenye mikunjo hujivuta na kubanduka pembeni. Ya pili humwagwa ikiwa majimaji na kukaushwa; ni nyembamba, hukaa kwenye mabonde ya mlango bila kugoma, na hudumu zaidi. Muulize fundi waziwazi ni ipi anayokuwekea. Zote zinahitaji laminesheni, yaani utando mwangavu wa juu wa kuzuia jua na mikwaruzo, nayo isiwekwe mpaka wino wenye kiyeyushi uwe umeachwa utoe mvuke wake kwa angalau saa 24. Kwa kioo cha nyuma kuna stika yenye vitundu vidogo, inayomwezesha dereva kuona nje. Kioo cha mbele, taa, vikiakisi na vibao vya namba visiguswe kabisa.

Kabla ya siku ya kubandika, chunguza rangi ya gari. Gari lililopigwa puti na kupakwa rangi upya gereji huweza kubanduka rangi pamoja na stika siku ya kuitoa. Kama tangazo litabadilisha rangi inayotajwa kwenye kadi ya gari, onana na TRA kwanza, na uulize halmashauri kuhusu ada ya matangazo. Gari lioshwe kwa sabuni, likauke, lipanguswe kwa spiriti, na kazi ifanyike ndani ya jengo lililofungwa na kumwagiwa maji sakafuni ili kutuliza vumbi. Kubandika chini ya mwembe, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kukaribisha chembe chini ya stika.

Wiki ya kwanza usipeleke gari kuoshwa kwa mashine ya maji ya kasi, na baadaye waoshaji waambiwe wasielekeze maji kwenye kingo za stika wala kufutia petroli. Daima baki na nakala ya faili la mwisho na jina la stika iliyotumika, ili mlango mmoja ukikwaruzwa uchapishiwe kipande hicho tu.