Mtoto ana homa: mnyweshe kwa kijiko

Nashona nguo hapa Busia, upande wa Uganda, kwenye baraza linalotazama malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Watoto wangu watatu wote wameugulia kwenye mkeka kando ya cherehani yangu, kwa hiyo haya nimeyajifunza mguu ukiwa kwenye pedali.

Kifungua mimba alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa, midomo ikamkauka. Nikamjazia kikombe cha juisi ya pasheni, akakigugumia chote, nami nikafurahi. Dakika tano hazikwisha, kikarudi chote juu ya sare ya shule ambayo mteja alikuwa aichukue asubuhi.

Jirani yangu, VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chetu, ndiye aliyenionyesha. Kijiko kimoja cha chai. Ngoja dakika moja au mbili. Kingine. Mimi sitazami saa: nashona pindo la mguu mmoja wa suruali, natoa kijiko, nageukia mguu wa pili. Kikombe cha kawaida ni kama vijiko hamsini, hivyo ukianza saa mbili asubuhi kitaisha kabla ya saa nne. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza upya, polepole zaidi. Mwili wenye joto hupoteza maji kwa jasho na kwa kuhema haraka, basi usingoje mtoto aseme ana kiu.

Anayenyonya mpe titi mara nyingi kuliko kawaida, usiku pia. Chini ya miezi sita ni titi tu, hata maji hapana, labda mhudumu wa afya akuagize. Aliyevuka umri huo mpe maji yaliyochemshwa yakapoa, uji mwepesi, supu, au chungwa lililokamuliwa.

Kwetu, mtoto akiugua, kila mgeni huingia na soda na paketi ya glukozi. Pokea, shukuru, soda kunywa wewe. Sukari nyingi hivyo, kama mtoto anaharisha, huvuta maji yaingie tumboni na kuhara kunazidi. Homa ikija na kuharisha, tumia ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na uliza pia vidonge vya zinki. Paketi moja ya ORS ya kawaida huchanganywa na lita moja ya maji safi. Muuzaji mmoja wa dawa aliniambia nimimine paketi nzima kwenye kikombe. Nilionja, ilikuwa chumvi tupu. Siku hizi napima kwa chupa mbili za maji za nusu lita, na kilichobaki baada ya saa 24 namwaga.

Chakula je? Usimshike pua wala usimlazimishe. Ila usimwache na njaa ukisema "homa haitaki chakula". Mtoto mwenye malaria asiyekula, sukari ya damu yake inaweza kushuka, na hilo ni hatari. Mama mkwe wangu hukaanga mukene mkavu, yaani dagaa, bila mafuta, akautwanga, akauchekecha kwa kitambaa, na unga wake akatia kijiko kimoja kwenye uji wa wimbi unapochemka. Harufu hupotea ukiongeza karanga zilizosagwa. Mtoto wangu wa pili, ambaye akiona samaki tu hulia, amekula uji huo miaka yote bila kujua. Bogoya, yaani ndizi mbivu tamu, ikipondwa nayo hushuka vizuri, na matoke yaliyolainika kwenye supu.

Chagua saa. Baada ya panadoli, kwa kipimo cha uzito wake, joto hushuka kidogo na mtoto huanza kutazamatazama. Hapo ndipo bakuli lije, vijiko vitano au sita tu. Aspirini usimpe mtoto. Asali, chini ya mwaka mmoja, hapana.

Usikisie malaria: apimwe kwa VHT au helthi senta siku hiyo hiyo. Akiandikiwa Coartem, dawa ya malaria, mpe pamoja na maziwa au ule uji wa karanga, maana mafuta husaidia dawa kuingia mwilini. Ukimaliza, mvue masweta, mwache na nguo nyepesi.

Mimi huchungulia mkojo. Saa sita bila kukojoa, au mkojo wa njano iliyokolea, au analia bila machozi, maji hayamtoshi. Na kuna mambo ambayo hayangojei kijiko: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi. Ita boda hata kama ni saa nane za usiku. Kichanga cha chini ya miezi mitatu akiwa na homa, mpeleke vilevile.

Homa ikiondoka, njaa hurudi kwa kishindo. Kwa wiki mbili mwongezee mlo mmoja kila siku. Kitindamimba wangu, siku ya tatu baada ya malaria, aliamka akadai rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, ya kijana wa pale kona, yenye mayai mawili. Nilimkatia nusu. Nusu nyingine aliikuta mwenyewe.